Kozi ya paraglaidi Iten: nyota nne, ya tano imebaki kwenye redio na mizani

Jibu fupi kwa wanaoniuliza kila siku kama kozi ya paraglaidi, yaani kuruka na bawa la kitambaa bila injini, pale Iten, Kenya, inafaa: inafaa pesa yake, ila ukienda ukidhani kesho yake uko angani utarudi umenuna. Jina la shule naliacha, walimu wengi pale huja na msimu, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bonde la Kerio likiwa limekauka na upepo wa mashariki unapanda ukingo wa Elgeyo vizuri, mwaka ujao unaweza kukuta sura zingine kabisa. Nitasema tulichofundishwa na kilichopungua, wewe ulinganishe na utakachopewa.

Mwanzo wote ni uwanjani tu. Unavaa hanesi (mikanda yenye kiti), bawa limetandazwa nyuma yako, kazi ni kulipandisha juu ya kichwa na kulituliza hapo. Mara umelipa mgongo unakimbia nalo, mara umeligeukia unavuta kamba za mbele, linapanda, linalala kushoto, na wewe unatakiwa ukimbie huko huko kushoto uwe chini yake, usishindane nalo. Likianguka unaanza upya, jua la Iten kichwani na watoto wamejipanga kando wanakucheka bila huruma. Jamaa mmoja kwenye kundi letu alilalamika eti amelipia kuruka sio kukokota nguo. Mimi hapa ndipo nawapa alama kubwa, kwa sababu ukiwa angani bawa huliangalii, unalisikia kwenye mikono na kwenye kiti, na mikono haijifunzi kwa maelezo. Shule ikikwambia uwanjani ni asubuhi moja tu kisha mlimani, chukua mkoba wako uende zako.

Halafu kuna suala la urefu ambalo walilieleza vizuri sana, nawapongeza. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo bawa lile lile linahitaji mwendo wa juu zaidi ndio likubebe, kama asilimia 12 hivi ukilinganisha na pwani. Maana yake siku isiyo na upepo unakimbia kweli kweli, hakuna kutembea. Mji wa wakimbiaji, si ndio? Kutua pia ardhi inakujia haraka kuliko ulivyozoea kwenye video za ufukweni.

Ruka ya kwanza peke yako ni asubuhi na mapema, kabla jua halijaanza kuchemsha bonde. Chini kule ni karibu mita 1,200 kutoka ulipoondokea, na bawa la mwanafunzi hushuka kama mita moja na kitu kwa sekunde hewa ikiwa imetulia, kwa hiyo una kama dakika 15 hivi za kukaa tu unashangaa mashamba, migunga na milima ya Tugen ng'ambo. Sitaandika mashairi hapa, ila kile kimya cha baada ya miguu kuacha ardhi ni kitamu bwana. Kufika saa tano, saa sita hivi, ni habari nyingine, themali (hewa ya moto inayopanda) za Kerio Januari zina nguvu, marubani wazoefu wanazitafuta kuvuka kilomita nyingi na mwanafunzi anatakiwa awe ameshakunja bawa lake anakunywa chai. Mwalimu wetu kwenye hili hakubembelezwa na mtu.

Sasa lawama. Redio moja ilizima mwanafunzi akiwa hewani, akatua salama kwa sababu alikuwa makini, lakini kuchaji redio usiku sio kitu cha kusahau kwenye kazi hii, na ya akiba haikuwepo. Pili ni saizi za mabawa, hili liliniudhi. Kila bawa lina kiwango chake cha uzito, na unapima kila kitu, mwili, hanesi, risavu (parachuti ya akiba), helmeti, hata maji. Mabawa mengi ya shule yalikuwa ya watu wakubwa, na sisi wengine ni wa kilo 55 au 60. Ukiwa mwepesi chini ya bawa kubwa linakuwa zito kugeuka, upepo ukiongezeka unashindwa kusonga mbele, na hewa ikichafuka linakunjika kirahisi zaidi. Uliza saizi KABLA ya kutuma pesa. Uliza pia risavu ilikunjwa upya lini, ikipita mwaka kataa. Tatu, usafiri wa kurudi juu tulilipa wenyewe, boda kutoka bondeni kupitia Tambach na mzigo wa bawa mgongoni sio bei ya kawaida.

Kuhusu paramota, maana kila mtu sasa anataka ile ya injini. Shule ilitushauri tumalize paraglaidi kwanza na nakubaliana nao kabisa. Injini ya kilo 20 na kitu mgongoni, petroli iliyochanganywa na oili, panga linazunguka nyuma ya masikio, na bado kazi ya bawa ni ile ile uliyoshindwa uwanjani. Tena pale juu hewa nyepesi inaila injini karibu moja ya tano ya nguvu yake, kwa hiyo mtu mzito atakimbia mpaka achoke. Paramota mimi ningeifuata pwani, asubuhi, ufuo mpana, hewa nzito. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga uliza mapema, usisubiri askari aje akuulize wewe.

Ukimaliza usikimbilie kununua. Bawa jipya la daraja A, yaani lile tulivu la wanaoanza, linazidi euro 2,500 na hapo hujagusa hanesi wala risavu. Walijaribu kutuuzia yaliyotumika, mengine rangi imeshapauka na jua, na walipoulizwa kipimo cha kitambaa kupitisha hewa, kinachoonyesha kimechakaa kiasi gani, wakaanza kuzungusha maneno. Hayo waachie wenyewe. Bora ukae na bawa la daraja A la kukodi msimu mzima, uombe kadi ya IPPI, kitambulisho cha kimataifa cha marubani wa paraglaidi, ionyeshe hatua uliyofika ndio shule nyingine duniani ikuelewe, na daraja B lisubiri mpaka uwe umeshafanya mafunzo ya kukunjisha bawa makusudi juu ya maji, wengi huenda Ölüdeniz kule Uturuki kwa hayo.

Chumba tafuta mapema kama unaenda Januari, wakimbiaji na marubani wa Ulaya wanaijaza Iten kwa wakati mmoja. Na beba suruali nene, miiba ya kule bondeni haina adabu.