Termosi kwanza, biberoni baadaye: vifaa nilivyovitumia Bukavu kumzoesha mtoto chupa

Nianze na kifaa ambacho hakikai kwenye rafu ya vitu vya watoto: termosi. Katika vyote nilivyonunua ili mtoto azoee biberoni, hicho tu ndicho siwezi kumwazima mtu hata kwa usiku mmoja. Biberoni ikipotea utapata nyingine. Lakini saa nane ya usiku, umeme umeondoka tangu jioni, makala (mkaa) kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, yamebaki majivu na mtoto analia, maji ya moto utayatoa wapi? Mabwawa ya umeme ya mto Ruzizi yako hapo tu kusini mwa mji, na bado tunapika gizani. Basi.

Wengi wanadhani maji ya moto ni ya kumkinga mtoto na ubaridi. Ubaridi si neno. Unga wa maziwa ya watoto, hata ule wa mkebe uliofungwa vizuri, hautoki kiwandani ukiwa hauna kijidudu kabisa, na vijidudu vyenyewe ni hatari zaidi kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzijoto 70, kisha chupa ipozwe haraka ndani ya beseni la maji baridi. Ukichanganya na maji ya uvuguvugu, vijidudu unavitengenezea kitanda. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto kama 95. Yanatosha, mradi yaingie kwenye termosi papo hapo, si baada ya kumaliza kuosha vyombo.

Yangu ni ya lita moja, chuma ndani na nje. Niliipima kwa kipimajoto cha jikoni: maji yaliyochemshwa saa mbili ya usiku yalikuwa bado juu ya 70 ilipofika saa nane. Alfajiri yalikuwa yameshuka, kwa hiyo chupa ya asubuhi inasubiri mbabula uwashwe. Zile zenye kioo ndani ni rahisi sokoni Kadutu, ila katika nyumba yenye watoto wengine wanaokimbia sijui itafika Krismasi ipi. Na termosi ya mtoto iwe ya mtoto. Ikiingia chai ya maziwa mara moja, harufu haitoki.

Nieleze hali yangu ili mjue ninapima vitu kwa jicho gani. Ninafanya kazi upande wa Nyawera, ninaishi Panzi. Sheria ya kazi ya Kongo inampa mama wiki 14 za uzazi, na kati ya hizo zisizozidi 8 ndizo za baada ya kujifungua. Maana yake mtoto anaachwa nyumbani akiwa bado mdogo sana. Sikumwachisha titi. Kwa kawaida usiku na asubuhi ananyonya, mchana anakunywa maziwa yangu niliyokamua, na wakati wowote yakipungua anaongezewa ya mkebe. Muuguzi wa kituo chetu cha afya alikuwa amenishauri nisimwoneshe chupa mpaka anyonye vizuri, kama mwezi hivi, kisha nibadilishe nyonyesho moja, nikae siku chache, ndipo nibadilishe lingine. Ukikata yote kwa pamoja matiti yanajaa na kuwa magumu kama jiwe, na homa inaweza kufuata.

Sasa biberoni. Majina yaliyoandikwa juu ya paketi sitayataja, maana katika soko letu jina kwenye paketi si ushahidi wa kitu kilichomo. Ninaangalia vitu vingine. Mdomo uwe mpana, brashi iingie mpaka chini na unga usimwagike pembeni. Umbo liwe la kawaida: zile za umbo la dubu au zenye vishikio vilivyojikunja zinapendeza picha, lakini maziwa yanaganda kwenye kona ambazo brashi haifiki. Chini ya chupa kuwe na alama ya pembetatu yenye 5 ndani au herufi PP, plastiki inayovumilia kuchemshwa. Zile za plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, zisizo na alama yoyote, niliziacha mezani. Ulaya walipiga marufuku biberoni zenye BPA, kemikali ya plastiki ngumu, mwaka 2011, na mzigo usio na anwani siwezi kujua umetengenezwa kwa nini. Chupa ya kioo ninayo moja ya mililita 120, na kwa usafi inashinda zote. Hainuki, haikwaruziki, unaona kila doa. Ila ni nzito, na mama mkwe ambaye ndiye anayebaki na mtoto hataki kuigusa, anaogopa itamponyoka kwenye sakafu ya saruji. Ninamwelewa.

Jambo ambalo hakuna muuzaji atakwambia ni mistari ya kupimia. Kuna chupa ambazo mililita zimechapwa kwa rangi tu, na kuchemsha kwa majuma machache kunaifuta. Tafuta mistari iliyochongwa kwenye plastiki yenyewe, unayoisikia kwa kidole. Halafu pima. Nunua sirenge (bomba la sindano) ya mililita 20 kwenye farmasi, haina bei, jaza chupa kwa sirenge hadi mstari wa 60 na uhesabu. Moja ya zile za bei ndogo nilizopata ilidanganya waziwazi: maji yalipofika mstari wa 60 yalikuwa yamezidi mililita 60 pakubwa. Kwa chai hilo si tatizo. Kwa mtoto, mikebe mingi inayofika hapa inadai kijiko kimoja cha unga kwa mililita 30 za maji, kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Mstari ukidanganya, unampa maji yenye rangi ya maziwa kila siku huku unaamini ameshiba. Hiyo chupa sasa inapimia sabuni ya maji.

Teti, ile chuchu ya chupa, ndiyo iliyoamua kama mtoto atakubali au atakataa, na hapo ndipo ningeweka pesa kuliko kwenye chupa. Kuna za mpira wa rangi ya kahawia na za silikoni inayopenyeza mwanga. Za mpira ni laini, mtoto wangu alizipokea haraka zaidi, lakini kwa kuchemshwa kila siku zilivimba na kunata kabla ya mwezi kwisha. Silikoni ilidumu zaidi. Kwa mtoto mdogo chukua namba 1, ile ya mtiririko wa polepole. Igeuze chini: maziwa yatoke tone baada ya tone. Yakitiririka kama bomba, mtoto anapaliwa, na mbaya zaidi anazoea vya bure. Akirudi kwenye titi ambako lazima afanye kazi, anakasirika.

Hapa tulivutana na mama mkwe. Kwake, mtoto akinyonya chupa muda mrefu basi tundu ni dogo, na dawa ni sindano iliyopashwa moto. Watoto wake wote walikua hivyo na wako hai, alisema, akimwonesha mume wangu kama kielelezo. Nilimjibu: "Mama, huyu acha ajifunze kufanya kazi mapema." Akacheka, sindano ikarudi kwenye kopo la uzi. Lakini ni yeye, si mimi, aliyemfanya mtoto akubali. Nikiwa chumbani, mtoto ananusa titi na kuisukuma chupa. Nilipotoka nje kabisa, mama mkwe alimketisha wima kidogo mapajani, akagusisha teti mdomoni akangoja afungue mwenyewe, akaishika chupa ikiwa imelala, si kuisimamisha juu, na kumpumzisha kila baada ya muda. Hicho si kifaa cha kununua, lakini bila hicho chupa ya bei yoyote ni pambo.

Kukamua maziwa: nilitumia mikono, kisha pompi ya mkono yenye mpini, na dada yangu mkubwa aliniazima ya kuchaji. Mikono ni bure na haihitaji kuchemshwa, kunawa tu vizuri na sabuni, ila inahitaji utulivu ambao kazini sina. Pompi ya mpini ndiyo niliyobaki nayo. Sehemu zake ni chache, utando wa silikoni ukichanika zipo za akiba, na haiulizi umeme. Ile ya kuchaji ni ya haraka kweli, na inakubali pawabenki ya simu, lakini ina mirija na vifuniko vingi vya kuosha, nami ninaishi kwa maji ya bido, yaani ya madumu. Iepuke ile ya zamani yenye pira la mpira la kubonyeza, inayofanana na honi ya baiskeli. Maziwa yanapanda hadi ndani ya pira na hakuna njia ya kupasafisha. Bado inauzwa, na kwa sababu ni rahisi akina mama wanaichukua. Angalia pia upana wa koni: chuchu isogee bila kukwaruza. Koni isiyo saizi yako itakuumiza ukadhani maziwa yamekauka.

Kazini nina nusu saa mbili kwa siku za mtoto, sheria inazitoa, na mkuu wangu hakuzipinga nilipomwonesha. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hali ya hewa yetu ya Bukavu kwa hilo ni rafiki. Friji ingeyaweka hadi siku 4, lakini friji inayozimika mara kwa mara ni kabati tu. Kwa hiyo ninakamua ya matumizi ya siku hiyo, ninayafunga kwenye chupa ndogo yenye kifuniko bapa, na motari (dereva wa pikipiki) anayenifahamu anayapeleka nyumbani yakiwa ndani ya kibebeo kidogo chenye barafu. Mifuko maalumu ya kugandisha maziwa sikuona faida yake hapa.

Kuhusu mashine ya kutakasa chupa kwa mvuke: nililetewa zawadi kutoka Ubelgiji, nzuri, nyeupe, na imekuwa nyumba ya leso. Kasoroli, yaani sufuria, yenye mfuniko inafanya kazi ileile. Osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni, brashi ndefu kwa chupa na ndogo kwa teti, suuza, zamisha vyote pasibaki povu la hewa ndani ya chupa, funika, na maji yakianza kuchemka hesabu dakika 10. Toa kwa koleo lililochemshwa pamoja. Kasoroli hiyo isipikiwe sombe (majani ya muhogo). Nunua kubwa ya kutosha biberoni nne kwa mara moja, la sivyo makala yatakumaliza. Mimi ninachemsha mara moja jioni, mbabula ukiwa bado una moto wa chakula, na hapohapo ninajaza termosi.

Na sasa kitu ambacho sikutarajia kukisifu: kikombe. Kile kidogo cha plastiki au cha chuma, kisicho na mdomo wa kunyonya. Muuguzi alinishangaza aliposema kwamba kituoni hawaruhusiwi kutangaza biberoni. Kuna kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inayozuia matangazo ya maziwa ya mkebe, chupa na teti. Akaongeza kuwa mahali ambapo maji na moto si vya uhakika, kikombe ni salama zaidi kuliko chupa kwa sababu hakina mahali pa kuficha uchafu. Kivu Kusini tunaijua kipindupindu, sikuhitaji kushawishiwa. Mtoto anaketishwa, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, anaramba mwenyewe. Humimini. Mwanzoni yanamwagika shingoni na unahitaji kitambaa, na huchukua muda. Lakini siku ambayo makala hayakupatikana, biberoni zilikaa chafu, kikombe kikaoshwa kwa sabuni na maji ya termosi, na mtoto akala. Kama ningekuwa na pesa ya vitu viwili tu ningechukua termosi na kikombe, hata kama mchuuzi atanicheka.

Bei na mahali. Kadutu ni rahisi, lakini nenda na miwani: chunguza teti kama hazijakaa juani, maana mpira uliopigwa na jua unapasuka ukiuvuta. Farmasi kubwa za Ibanda wana mikebe na teti za uhakika zaidi, kwa dola. Wenye kuvuka Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, wanasema huko chaguo ni pana. Mimi nilivuka kwa ajili ya teti pekee na sikujuta. Kwa mkebe wa maziwa, soma uandikwe umri wa kwanza, yaani tangu kuzaliwa hadi miezi 6, tazama tarehe, bonyeza mfuniko uone haujavimba. Ukishafunguliwa, kawaida unatumika ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo andika tarehe ya kuufungua juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Maziwa ya unga ya kunywea chai si ya mtoto mchanga, hata yakiwa na picha ya mtoto anayecheka. Na chupa iliyobaki nusu baada ya mtoto kunywa hairudishwi kwa saa ijayo. Mimi humpa kaka yake.