TAHADHARI: Ukiona picha yangu nimevaa joho la bluu, usitume hela

Walimu wenzangu wa awali, na ninyi walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana, someni hii kabla hamjajaza fomu ya mtu.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu. Lina picha ya mwanamke mnene kidogo, amevaa joho la bluu lenye ukanda wa njano, kofia imemkaa upande, nyuma yake pazia la studio lenye maua makubwa. Chini pameandikwa kwamba mwalimu huyu wa Morogoro amepata Shahada ya Makuzi na Maendeleo ya Mtoto kutoka chuo cha Marekani bila kuacha kazi, halafu swali: "Wewe unasubiri nini?"

Mwanamke huyo ni mimi. Shahada hiyo sina. Picha nilipigwa kweli, kwa furaha yangu, studio moja karibu na stendi ya Msamvu, nikamtumia wakala wa hicho chuo kwa sababu aliniomba "kumbukumbu ya mahafali". Sasa imekuwa chambo. Juzi dada mmoja wa Kilosa, ambaye hatujawahi kuonana, kanitafuta kunipongeza na kuniuliza masomo yalikuwa magumu kiasi gani. Alikuwa ameshalipa fomu. Ndiyo maana nimeamua kuandika, aibu niiweke pembeni.

Nina stashahada ya ualimu wa awali na nafundisha chekechea ya shule binafsi mwaka wa tisa huu. Tangu serikali ilipozindua ile programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto (MMMAM) mwishoni mwa 2021, semina zimekuwa nyingi, kila mtu anazungumza makuzi ya awali ya mtoto, na wenye shule nao wameanza kuuliza nani ana shahada. Mimi nina watoto wawili, mshahara haufiki laki tatu, na marejesho ya kikoba hayasubiri. Kuacha kazi miaka mitatu nikakae chuo ni ndoto. Sasa ukikutana na tangazo la shahada ya mtandaoni, miezi 18, ada yote shilingi 1,050,000 kwa awamu tatu, lazima usimame usome. Kwenye vyuo vyetu vingi hela hiyo ni ada ya mwaka mmoja, na wakati mwingine haitoshi.

Matapeli niliowazoea ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hao hata mwanangu wa darasa la nne anawacheka. Huyu wakala, aliyejiita Dokta, alikuwa wa namna nyingine kabisa. Sauti ya mtangazaji, ananiita "mwalimu wangu", hapigi simu baada ya saa mbili usiku. Nilipomwambia niko tayari kulipa, alinikatalia! "Ngoja kwanza kamati ikae, mwalimu wangu. Siyo kila anayeomba anachukuliwa." Siku tatu nikawa nachungulia simu kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Ya nne ikaja barua yenye nembo: nimechaguliwa, tena na punguzo. Mume wangu alinunua soda. Hela ya fomu, 30,000, nilituma usiku huohuo, na usajili 150,000 wiki iliyofuata.

Kwenye muamala jina lililotokea halikuwa la chuo wala la Dokta. Nikauliza. "Huyo ni mhasibu wetu wa kanda." Awamu ya pili likatokea jina jingine, la mwanamke. "Mhasibu wa zamani yuko likizo." Ya tatu, jina la tatu. Chuo kina wahasibu watatu, wote wanapokelea ada kwenye simu zao za mkononi, na mimi nikaona sawa tu.

Masomo yenyewe yalikuwa faili za PDF zinazotumwa WhatsApp kila Jumamosi. Nyingine kurasa zake zilipigwa picha zikiwa zimelala, na moja ilikuwa na muhuri wa maktaba ya chuo kingine kabisa pembeni ya ukurasa. Mtihani ni fomu ya mtandaoni, maswali ya kuchagua, na ukikosea unaruhusiwa kurudia hadi ufaulu.

Mwezi wa saba nilitakiwa kuandika insha ya kulinganisha nadharia za Piaget na Vygotsky, wanasaikolojia walioeleza jinsi mtoto anavyojifunza. Niliandika kweli, usiku tatu, kwa taa ya simu maana umeme ulikuwa unakatika. Nikatuma. Jibu likaja baada ya saa mbili: alama 84, na maoni, "Kazi nzuri sana. Umelinganisha wanazuoni hawa wawili kwa umakini." Wiki moja baadaye mweka hazina wa kikoba ananidai orodha ya michango. Naitafuta kwenye simu, naona niliituma kwa Dokta. Insha yangu bado ilikuwa palepale, haijatoka kwenye simu. Kilichopata 84 ni Mama Asha hisa tano, Mama Joseph hisa mbili na faini 2,000 ya kuchelewa kikao.

Nikacheka. Nikamwonyesha mume wangu, naye akacheka. Mwisho wa mwezi nikalipa awamu iliyofuata. Hapo ndipo ninapojilaumu kuliko pengine pote, maana jibu nilikuwa nalo mkononi. Lakini nilishatoa zaidi ya laki tano, na mtu akishatoa hela hiyo hutafuta sababu ya kuendelea kuamini. Nilijiambia labda msahihishaji alichoka.

Kwa tuliopitia chuo cha ualimu, kuna kitu kimoja kingetosha kunishtua. Shahada ya makuzi ya mtoto niliyosoma mimi haikuwa na mtoto ndani yake. Hakuna aliyeniuliza nafundisha wapi wala watoto wangu wana umri gani. Kwenye stashahada tulipokwenda mazoezi ya kufundisha (BTP) nilipewa mtoto mmoja wa kumfuatilia na daftari: anashikaje penseli, anacheza na nani, analia saa ngapi, akiachwa anafanya nini. Mkufunzi alikuja bila taarifa, akakaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni, akaandika asubuhi nzima. Hakuna namna ya kulifanya hilo kwa PDF za Jumamosi. Kozi ya mtandaoni iliyo halali nayo kwa kawaida itakutaka uende kwenye kituo au shule, ukae na watoto, na mtu mwenye sifa akuone ukifanya kazi.

Nilipomaliza wakanitumia joho kwa basi. Kulikodi, 85,000. Halafu kukaja muhuri. Dokta alisema cheti kinahitaji kugongwa muhuri wa serikali ya Marekani, 240,000, na kweli ikaja picha ya karatasi yenye nembo ya dhahabu na utepe. Niliitazama nikaona mwisho wa ubishi. Baadaye ndiyo nikaelewa mchezo wake. Karatasi hiyo huitwa apostile, na hata ikiwa halisi, inathibitisha saini tu: kwamba mthibitishaji wa nyaraka (notary) aliyesaini pale ni mthibitishaji kweli. Haisemi chochote kuhusu kilichoandikwa ndani. Unaweza kuipeleka orodha yangu ya kikoba kwa mthibitishaji wa kule, ukaapa mbele yake, ikarudi na nembo ileile ya dhahabu.

Jumla nimetoa shilingi 1,555,000. Walipotaka 400,000 nyingine za kusafirisha cheti halisi, mfuko ulikuwa umekauka. Uchumi ndio ulioniokoa, siyo akili.

Mkuu wa shule ndiye aliyeniambia niombe utambuzi wa TCU kabla hajabadilisha chochote kwenye faili langu. Shahada ya nje haina kazi hapa nchini hadi Tume ya Vyuo Vikuu iitambue, na jambo la msingi wanaloangalia ni kama chuo hicho kinatambuliwa kwao kilipo. Changu hakikujulikana. Jina lake lilifanana na la chuo kikuu halisi cha kule, neno moja tu limebadilishwa.

Dokta alikuwa amenionyesha ithibati, yaani uthibitisho kwamba chuo kimekaguliwa na kinatambuliwa, tena mbili. Ya kwanza ilikuwa cheti cha BRELA. Jamani, BRELA inasajili kampuni na majina ya biashara. Mwenye duka la vocha anacho. Hakimpi mtu ruhusa ya kutoa shahada. Ya pili ilitoka "baraza la kimataifa la ithibati" lenye tovuti nzuri na ramani ya dunia. Nilipoisoma kwa utulivu nikaona makosa ya maandishi yaleyale ya kwenye tovuti ya chuo, na simu ya mawasiliano ileile. Yaani mtu kajitungia chuo, halafu akajitungia na mkaguzi wa kukikagua.

Ujanja huu wala si mpya. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliianika kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo, pamoja na za watoa ithibati wa bandia, na kulipa waigizaji wakae mbele ya kamera kama maprofesa. Kwa hiyo video ya mzungu mwenye miwani akikukaribisha chuoni isikubabaishe.

Kuangalia ukweli kunachukua dakika kumi na hakugharimu kitu zaidi ya bando. Kama chuo ni cha Marekani, Wizara ya Elimu ya kule ina orodha ya bure mtandaoni ya vyuo vyenye ithibati, na CHEA, baraza la kule linalohusika na ithibati za vyuo, nalo lina yake. Andika jina herufi kwa herufi, kisha linganisha anuani ya tovuti, maana hapo ndipo wanapojificha. Anuani inayoishia na edu husaidia, kwa kuwa tangu 2001 hupewa vyuo vyenye ithibati, ila isiwe ushahidi pekee, kwani walioipata kabla ya hapo waliachiwa. Chuo changu kiliishia na neno education lote zima, nami nikaona ndiyo imenyooka zaidi.

Kwa chuo cha hapa nyumbani, orodha iko kwenye tovuti ya TCU. Ada ya chuo cha umma unalipa kwa kontroo namba, na jina la chuo unaliona kabla hujabonyeza namba ya siri. Halafu tazama masharti ya kuingia. Mwenye stashahada kama mimi anatakiwa awe na ufaulu wa kiwango kilichowekwa. Dokta hakuniomba hata matokeo. Aliniomba picha ya kitambulisho cha NIDA, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi zaidi ya hela, kwa sababu sijui itaombewa mkopo wapi.

Msinielewe vibaya, kusoma kwa masafa siyo utapeli. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 na kina vituo mikoani, hapa Morogoro kikiwemo. Mtihani unakwenda kuufanyia kituoni na msimamizi anakutazama wewe na kitambulisho chako. Ni safari ndefu kuliko miezi 18. Nimeshachukua maelezo yao, tutaona mwakani.

Wapo walioniandikia pembeni kwamba kwa kuwa hela imeshakwenda, bora cheti nikitumie tu kwa mwajiri asiyefuatilia. Hapana. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma ilikuwa na watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wengi walikuwa wamevitumia miaka kibao bila kuulizwa. Ukitapeliwa umeonewa. Ukipeleka karatasi hiyo kwa mwajiri huku unajua, kesi inakuwa yako.

Nimeripoti polisi na nimepewa namba ya taarifa (RB). Laini zile tatu zimesajiliwa kwa alama za vidole za watu ambao huenda hata Dokta hawamjui. Ujumbe wa aina hii ukikujia kwa simu, upeleke 15040. Kama umeshalipa, usifute mazungumzo. Mimi Dokta aliniambia nifute kila baada ya mtihani "kwa usalama wa maswali", na nikafuta, kwa hiyo nusu ya ushahidi niliiteketeza mwenyewe. Na ukisikia mtu anakupigia akisema anaweza kukurudishia hela zako kwa ada kidogo, kata simu. Mimi wameshanipigia wawili.

Dada wa Kilosa ameacha, kapoteza 30,000 tu. Ukiipata ile picha kwenye grupu lako, nakuomba uweke maandishi haya chini yake, kisha uniambie imetokea grupu gani ili niwe napeleka polisi.

Jumatatu Dokta kanitumia ujumbe kwa namba mpya. Hakuuliza hali. Anataka joho lake lirudi kwa basi la asubuhi kwa sababu kuna mhitimu mwingine analisubiri, na gharama ya mzigo nilipe mimi. Nimemjibu kwamba lipo, nimelifua na kulipiga pasi, aje kulichukua mwenyewe kituo cha polisi.