Rsync: ile -v ya kale bado inadunda, naipa nyota nne

Mie si mtu wa kusifia programu ovyo lakini hii wallahi ina haki yake. Naangalia kompyuta za studio moja ya picha hapa Mwanakwerekwe, harusi, mahafali ya skuli, picha za pasi, na kila usiku picha za siku nzima lazima ziende Chake, kule Pemba, kwenye kompyuta ya mshirika wa bosi. Mbebaji ni rsync, programu ya kunakili mafaili toka kompyuta moja hadi nyengine kwa kuandika amri. Skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe, sikuiandika mie, kaandika jamaa alonitangulia, katia `rsync -av` basi, kenda zake Muscat.

Hio `-v` ndo inayoiambia programu itaje kila inachofanya, na tabu yake ni kelele. Harusi moja picha elfu mbili, sasa jina la kila picha linapita kwenye skrini, DSC hii DSC ile, bosi akija kuuliza "imefika wapi?" namkodolea macho tu. Ukiongeza v ya pili ndo balaa. Ukiitoa, kimya, hujui inakwenda au imeshakufa.

Toka toleo 3.1.0 la mwaka 2013 wakaleta `--info` na `--debug`, unachagua mwenyewe uambiwe nini na kwa kiasi gani: `del` vilofutwa, `skip` vilorukwa, `stats` hesabu za mwisho, nambari ya nyuma ndo kiwango na ukiweka 0 umeizima. Skripti sikuivunja, nimeongeza mkia tu, `rsync -av --info=progress2,name0`, majina yote yakapotea ukabaki mstari mmoja wenye asilimia na spidi.

Ila mie kilonikosha ni kuwa hawakuivunja ile `-v`. Wameifanya iwe jina la mkato, ukiiandika inawasha fungu la hizo info na debug, v mbili fungu kubwa zaidi, na ukitaka kujua ipi inawasha nini unaandika `--info=help` inakutolea orodha. Ukichanganya, uliloitaja mwenyewe ndo linashinda, kwa hio name0 yangu inaipiku v ya yule jamaa wa Muscat bila ya ugomvi. Watu wanaona jambo dogo hili, sio. Tulikua na programu nyengine ya bekapu ya mahesabu, siitaji, ikajiapdeti, wakaamua sasa `-v` lazima ifuatwe na neno la kiwango. Basi ikalichukua jina la folda yetu ikadhani ndo kiwango, ikatoa eror saa nane za usiku, nani yuko macho aisome? Wiki tatu hakuna bekapu, tumekuja kujua siku umeme ulipokata na kurudi kwa kishindo diski ikafa. Daftari la madeni lilibaki la mkono tu, na mwandiko wa bosi Mungu ndo anaujua.

Kasoro zipo. Hio asilimia ya progress2 mara nyengine inarudi nyuma, bosi ananambia "mbona ilikua 60 sasa 48?", sababu rsync inaanza kutuma huku bado inahesabu mafaili, ukiona `ir-chk` mwisho wa mstari ujue hesabu haijesha. Ukitia `--no-i-r` inahesabu kwanza yote, asilimia inatulia, ila folda likiwa kubwa unasubiri kidogo ndo ianze. Na orodha ya vya kuwasha na kuzima ni ndefu, mie navitumia vitatu vine tu.

Kubwa zaidi, toleo la kabla ya 3.1.0 halijui `--info` kabisa. Hata upande wa pili ukiwa na la zamani inaweza kukukatalia, kwa hio angalia kote kuwili kwa `rsync --version` kabla hujabadilisha kitu. Laptop kuukuu ya bosi ina 2.6.9, nimejaribu mkia wangu ikanitolea eror hapo hapo. Nikaiachia `-av` yake tupu, na majina yanamiminika kama mvua ya masika, lakini picha Chake zinafika.