Kiti cha choo au sponji ya jikoni?

Muulize mtu nyumbani kwake vijidudu viko wapi, atakuonyesha choo. Atakisugua kwa dawa mpaka pua iwashe, kisha ataingia jikoni aoshe bilauri kwa sponji ya tangu mwezi uliopita.

Kiti cha choo ni kigumu, hukauka haraka, na bakteria wengi hawadumu pakavu. Hatari ya chooni hasa ni mikono isiyonawa kwa sabuni.

Sponji ni habari nyingine kabisa. Iminye asubuhi uone: maji ya kijivu, punje ya wali, utelezi, harufu ya uvundo. Ina unyevu, ina chakula, ina vitundu vya kujifichia. Ikifuta ubao uliokatiwa kuku mbichi, inaweza kupeleka salmonela, bakteria wa kuharisha, hadi kwenye sahani ya mtoto. Charles Gerba, mtaalamu wa vijidudu wa Chuo Kikuu cha Arizona, aliyepima nyumba nyingi za Marekani, alikuta sponji za jikoni zina bakteria wengi kuliko viti vya choo.

Mimi naiogopa sponji zaidi. Yangu naianika juani, na ikianza kunuka naitupa.