Tiki ya kijani kila siku, ndani hamna kitu

Nilitaka kuwapa nyota tatu. Sasa naandika huku nimechemka, kwa hivyo zitabaki ngapi sijui.

Ni huduma ya bekapu ya kulipia kila mwezi, ile inayokaa pembeni ya skrini na tiki yake ya kijani. Hapa Lamu stima ikikatika haikupigii hodi, kwa hivyo .vimrc, faili la mipangilio ya Vim (programu ya kuandikia maandishi na msimbo), lazima iwe na nakala kwingine. Diski ilipokufa nikaishusha nakala yao: baiti ishirini na kitu. Usanidi wa miaka, baiti ishirini na kitu!

Maana yake ni hii. Wengi wetu .vimrc si faili, ni symlinki, kielekezi tu kinachoelekea folda ya dotfiles, yaani mafaili ya mipangilio. Hawa walipakia symlinki yenyewe, yaani njia ya faili tu, bila yaliyomo. Hata Git, ile ya kutunza matoleo ya msimbo, hufanya hivyo, lakini Git haikuwekei tiki ya kukutuliza roho.

Nikawaandikia. Jibu: "Faili yako tunaiona, iko salama." Nikawatumia matokeo ya ls -l, amri ya kuorodhesha faili, mshale unaonekana wazi unaelekea kusiko na faili. Mhudumu akafunga tiketi. Hata pole hakusema! Kosa la programu naweza kulimeza, lakini kufungiwa mlango usoni na mtu ninayemlipa, hapana.

Haki yao niwape: picha na PDF zote zilirudi, tena upesi, kwa bando la simu. Basi nyota mbili. Lakini picha hata simu inazihifadhi bure, kwa hivyo hiyo ya pili naichukua.

Kazi yenyewe Vim inaifanya bila senti. Inachoomba ukiifungua ni uwakumbuke watoto wa Uganda. Anza na mkdir -p ~/.vim/akiba, kwa sababu Vim haikuundii folda hiyo, na ukiisahau utapigwa kosa la E509 au E510 kila ukihifadhi. Kisha ndani ya .vimrc ("au" hapo ni amri ya Vim, si neno letu):

set backup
set backupdir=~/.vim/akiba//
au BufWritePre *vimrc let &bex = '-' . strftime("%Y%m%d-%H%M") . '~'

Mikwaju miwili (//) ya mwisho wa mstari wa pili usiiache. Ndiyo inayoingiza njia nzima kwenye jina la nakala, kwa alama za asilimia, ili vimrc mbili za folda tofauti zisifutane. Mstari wa tatu ndio roho ya mambo: bila tarehe, Vim hubaki na nakala moja tu, na ukihifadhi upuuzi mara mbili, ile nzuri imekwenda.

Hizo zote ziko kwenye diski ileile, kwa hivyo ongeza flashi, kwa rsync, programu ya kunakili faili:

au BufWritePost *vimrc !rsync -aL ~/.vimrc /media/flashi/

Njia ya flashi andika ya kwako. Herufi L ndiyo inayofuata symlinki na kubeba yaliyomo. Silent usiweke, flashi ikiwa haijachomekwa acha ipige kelele. Cron, ile ya kuendesha kazi kwa saa maalumu, nimeiacha kwa makusudi, maana saa yake ikipita mashine imezimwa, hairudi nyuma kuifanya kazi iliyoruka.

Ukimaliza, fungua Vim kwa nakala hiyo: vim -Nu /media/flashi/.vimrc. Rangi na vitufe vyako vikija, hiyo ni bekapu. Huduma ile nimeifuta. Wakinirudishia pesa ya mwezi huu nitawaongezea nusu nyota.