Temino ya kwenye brauza inayonionyesha alama nilizokwisha kufuta

Nimekasirika mpaka nimeona bora niandike. Kuna huduma ya temino (lile dirisha la kuandikia amri za kompyuta) ya kwenye brauza natumia, jina nawastahi, na hawa jamaa walijinadi wenyewe kwamba ligacha zipo, yani alama mbili tatu kuchorwa kama moja, uweke fonti ya Fira Code au JetBrains Mono alama zako zishikane vizuri. Nikalipa. Nafanyia kazi hapa Langoni, Lamu, laptopu yangu imechoka, kwa hivyo seva ndiyo inabeba mzigo wote mie nafungua brauza tu.

Na mwanzo nilifurahi wallahi. => ikawa mshale wa haki, >= ikawa alama moja safi, macho yakapumzika.

Sasa juzijuzi narekebisha msimbo wa programu, wa JavaScript, wa buking za mashua za kina fulani wa Shela, pana !==, ambayo ligacha huichora mistari mitatu iliyokatwa, nataka ibaki !=, nikafuta = moja. Maneno ya mbele yakasogea, lakini ile mistari mitatu iliyokatwa iko palepale, imepungua mkia tu! Nikajua iliyoondoka ni nafasi, nikafuta tena, nikaseva, programu ikafa. Kuja kuvuta skrini juu na kuirudisha ndiyo ikajichora upya, naona ! imesimama peke yake. Yani kioo kinanambia kitu, faili lina kitu chengine. Temino ya hivyo utaiamini vipi?

Na sababu si siri. Temino inachora kwa vyumba, kila herufi na chumba chake, na ili isichoke inachora upya vile vilivyobadilika tu. Ligacha inakalia vyumba viwili vitatu kwa pamoja, kwa hivyo ukigusa kimoja lazima na jirani zake wachorwe tena. Sie tuliokaa chuoni hili twalijua tangu utoto, ukiitoa herufi moja ya Kiarabu katikati ya neno, ya ubavuni nayo yageuka umbo. Na brauza yenyewe Kiarabu inakiandika bila taabu, Chrome na Firefox zote zina HarfBuzz ya kupanga maumbo. Hata xterm.js, ile temino iliyomo kwenye VS Code, programu ya kuandikia msimbo, ligacha zake ni kiongezo cha kando, hazimo kwenye temino yenyewe, kwa hivyo anayeziwasha ajue kazi aliyojitwika.

Nikawaandikia sapoti, na picha nikatuma. Jibu: "Kaka hayo ni mapambo tu, zima uendelee." Mapambo! Mbona hamkusema hivyo mlipokuwa mnachukua pesa? Hata pole hakuna, hata "tutaangalia" hakuna, na mtu mwenyewe Mswahili mwenzangu, ndipo paliponiuma zaidi kuliko hata ile programu kufa.

Nilikuwa niwape nyota moja. Ila niseme kweli, mtandao ukikatika, na huku unakatika, ukirudi kazi yako unaikuta pale ulipoiacha, hata mstari haujapotea, kwa hilo wanastahili tatu, hata nne. Halafu nakumbuka lile jibu... hapana, mbili, na hizo ni za seva, sapoti haina hata moja.

Kwa sasa ligacha nimezizima. Mkiitumia msiziwashe kwenye faili lolote la mteja, na hawa jamaa wakitengeneza ule uchoraji waniandikie, nitajaribu siku hiyohiyo, lakini aniandikie mwengine, si yule wa mapambo.