Fundi wa kukagua umeme Tabora mjini: hela yangu imeenda kihalali

Wakuu, kwa wanaouliza kama Tabora kuna fundi wa kuja kukagua umeme wa nyumba tu, yupo, anapatikana maeneo ya Ipuli na mimi namkubali ila ana mambo yake ntayasema. Kipupwe hiki si mnakijua, Juni Julai asubuhi baridi kavu ya kupasua midomo, hita ya bafuni inawaka toka saa kumi na moja, huku jagi, huku pasi, na mwingine kazamisha koili kwenye ndoo, hivi vitatu vyote kwenye ekstensheni moja ya bei ya kutupa.

Nimemlipa elfu thelathini ya ukaguzi, vifaa juu yangu. Leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, nilimuomba akaitoa bila kununa. Alizima mein swichi akaanza kufungua. Hita yangu ni wati 5,500, gawa kwa volti 230 unapata kama ampia 24, halafu aliyejenga kaivutia waya mwembamba wa milimita za mraba 2.5 ule wa soketi, na breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, kaweka ya ampia 32! Maana yake waya unaungua breka inaangalia tu. Tulipotoa swichi ya hita plastiki ya ndani imekuwa kahawia, ukiigusa inamegeka, na ile harufu tulikuwa tunasema ni ya sabuni jamani. Kavuta waya wa 6 mpya mpaka kwenye boksi.

Kingine ambacho mafundi wengi hawagusi ni ethi, yaani waya na nondo ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Huku mvua ikishakata udongo unakauka kabisa, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, so ethi iliyokuwa safi Januari saizi inaweza isifae. Kapima kwa mashine, akaongeza nondo ya pili pale maji ya bafuni yanapotokea. Pia ile breka yenye kitufe cha T, ya kukata umeme ukivuja milliampia 30, kabonyeza haikushtuka. Imekufa, tumenunua nyingine.

Sasa mapungufu. Tuliahidiana saa mbili kaja saa sita na simu hapokei. Haandiki ripoti mpaka umgande. Akataka nimpe hela ya waya akanunue mwenyewe, nikagoma tukaenda wote, na hapo nikiri kanisaidia maana duka la kwanza alikwangua waya kwa wembe ndani ukawa mweupe, alumini imepakwa kopa (shaba) tu, tukaondoka.

Wapangaji mkubaliane kwanza na mwenye nyumba nani analipa vifaa, maana vifaa ndo vinaumiza kuliko ukaguzi wenyewe. Namba siweki hapa, njoo inbox, na mpigie jioni ndo anapokea.